Simbamarara Aliyechelewa Kunguruma

"Ulikuwa unacheza gemu! Kubali tu!"

"Nicheze vipi na mkono uko ndani ya simbamarara?"

"Kwa mkono mwingine! Nakujua mimi. Ukishika simu unakula waifai yote ya hekalu, wengine tunabaki na makombo."

"Simu yangu iko mfukoni tangu tuanze mazoezi. Wewe ndiye uliyeleta pakiti ya vitafunwa ya njano!"

"Pakiti imeingiaje hapa?"

"Imeingiaje? Baba alikutuma ya kijani, ukaleta ya njano. Sasa kompyuta imegoma, halafu unanitafuta mimi!"

Yi-ning na binamu yake Po-wei walikuwa wamesimama nyuma ya jukwaa dogo la vikaragosi, kwenye uwanja wa hekalu la mtaani kwao, mjini Huwei, Taiwan. Kila mmoja alikuwa bado amevaa kikaragosi mkononi. Yi-ning alipomnyooshea Po-wei kidole, Jenerali wa mbao mwenye ndevu ndefu naye alinyoosha upanga. Po-wei alipotikisa mkono kukataa, simbamarara naye alitikisa kichwa. Wazee waliokuwa wakicheza sataranji barazani waliacha mchezo wao, wakageuka kutazama. Ugomvi huo ulikuwa na ladha zaidi kuliko mazoezi yenyewe.

Ilikuwa asubuhi ya sikukuu ya mungu wa ardhi. Kila mwaka siku hiyo, babu yao, Mzee Tien-fu, ndiye aliyefungua sherehe kwa hadithi ya Jenerali na simbamarara. Katika vikaragosi vya Huwei, mtu mmoja hutoa sauti zote: ya jenerali, ya mama mkwe, ya mtoto mchanga, hata ya mnyama. Wenzake huchezesha mikono tu. Mzee Tien-fu alikuwa na sauti iliyoweza kulia kama mtoto na kupasua anga kama radi bila hata kunywa maji katikati. Lakini majuma machache kabla ya sikukuu aliteleza bafuni, akavunjika nyonga. Sasa alikuwa amelazwa hospitali katika mji wa jirani.

"Kilichovunjika ni mfupa, si koo," aliwaambia wauguzi.

Basi ukapangwa mpango. Babu angetoa sauti akiwa kitandani, kupitia simu yake. Sauti ingesafiri kwenye mtandao mpaka kompyuta ya mama yake Yi-ning, iliyowekwa nyuma ya jukwaa. Kutoka hapo ingeingia kwenye spika, na wajukuu wangechezesha vikaragosi. Onyesho lilikuwa saa tisa alasiri.

Mpango ulikuwa mzuri, isipokuwa mahali pamoja. Katika hadithi, Jenerali huingia msituni, hunusa hewa, kisha husimama. Hapo Babu hunyamaza kabisa. Ngoma hulia peke yake, pole pole, tu... tu... tu... na watu hushika pumzi. Ndipo simbamarara huruka jukwaani kwa ngurumo ya kutisha. Asubuhi hiyo simbamarara aliruka, akafungua kinywa, na pakawa kimya. Akafunga kinywa. Jenerali alipokuwa anapiga goti, ngurumo ikatokea, kana kwamba imetoka tumboni mwa Jenerali. Waliporudia, ngurumo haikuja kabisa. Kompyuta iliandika kwamba mtandao umekatika.

"Nasema hivi," Yi-ning aliendelea, na sauti yake ikapanda mpaka jikoni mwa hekalu. "Kila ikifika zamu yako, waifai inakufa. Haifi zamu yangu. Zamu yako! Babu atakosa onyesho kwa sababu ya gemu lako!"

Po-wei alimtazama. Alimvua simbamarara mkononi, akamlaza juu ya sanduku la vikaragosi kwa upole, kama mtu anayemlaza mtoto.

"Tafuta mwingine mwenye mkono," alisema, akaondoka.

Wakati huohuo spika zikafufuka. "Haloo? Haloo?" ilikuwa sauti ya Babu. "Nimenguruma mpaka muuguzi amekuja mbio na dawa ya kifua, na nyie mko kimya. Kuna mtu hapo?"

Mjomba Chih-hao, baba yake Po-wei, aliweka chini fimbo za ngoma. Yeye ndiye aliyepiga ngoma na kusimamia spika. Alikuwa mtu mpole, mwenye imani kubwa na pakiti. Watu wengi wa Taiwan wanaofanya kazi na mashine huweka juu ya mashine pakiti ya vitafunwa vya mahindi ambavyo jina lake lina maana ya "tulia, uwe mtiifu". Pakiti lazima iwe ya kijani, kama taa ya ruhusa. Ya njano inaweza kuipa mashine mawazo mabaya. Na kamwe hailiwi wakati mashine inafanya kazi.

"Yi-ning," alisema Mjomba, "kamati ya hekalu imeniambia. Tusipotengemaa kufikia saa nane, watapiga sauti iliyorekodiwa. Ya kikundi kingine."

Yi-ning alimgeukia simbamarara aliyelala juu ya sanduku. Babu alaze kichwa hospitalini huku vikaragosi vyake mwenyewe vinasema kwa mdomo wa mtu mwingine?

"Tuichomeke kompyuta kwenye umeme, labda ina njaa," alisema.

"Haiwezekani. Ikichomekwa chaja hapa, spika zinavuma kama mzinga wa nyuki. Ndiyo maana niliichomoa. Na simu zetu zote hazina tundu la waya wa spika." Mjomba alikuna kichwa. "Ipeleke kwa mama yako. Na upitie dukani, mjomba. Ya kijani!"

*

Mama yake Yi-ning alikuwa fundi wa kupima kadi za waifai kwenye kiwanda kimoja nje ya mji. Kazi yake ilikuwa kuzitesa kadi ndogo mpaka zikiri udhaifu wao kabla hazijatiwa kwenye kompyuta za watu. Siku hiyo alikuwa nyumbani mapumzikoni, mbele yake bakuli la tambi na supu, na hakuwa na haraka na mtu.

"Imekatikaje?" aliuliza.

"Imekatika tu, Mama."

"'Imekatika tu' si jibu. Mgonjwa akikwambia 'naumwa tu', utampa dawa ipi?"

"Mama, irekebishe basi! Tuna mpaka saa nane."

"Leo sigusi kadi ya mtu. Nina tambi. Kaa, nionyeshe."

Yi-ning aliweka kompyuta mezani. Alichomeka chaja kwa mazoea, akaunganisha waifai ya nyumbani, akaweka pakiti ya kijani pembeni ya kibodi na kuiinamia kidogo. Kisha akampigia Babu.

"Babu, tupe ile ya msituni. Unyamaze kama kawaida, halafu ngurumo."

"Haya. Wenzangu wodini, shikeni vitanda," alisema Babu.

Kimya kikaingia. Yi-ning aligonga meza kwa vidole badala ya ngoma. Tu... tu... tu... Kisha ngurumo ikalipuka, nzima, kubwa, mpaka kijiko kikacheza ndani ya bakuli la Mama.

Yi-ning aliruka juu. "Umeona? Umeona, Mama? Po-wei hayupo, imepona! Nilijua tu ni yeye!"

Mama alimeza tambi zake, akaweka chini vijiti vyake vya kulia.

"Hekaluni ulikuwa na pakiti gani?"

"Ya njano."

"Na hapa?"

"Ya kijani."

"Waifai?"

"Kule ya hekalu, hapa yetu."

"Chaja?"

"Hapa imo. Kule Mjomba aliichomoa, spika zinavuma."

"Na Po-wei?"

"Kule alikuwepo, hapa hayupo."

"Umebadilisha vitu vinne kwa mpigo," alisema Mama, "halafu umechagua kile kimoja ulichokuwa unakitaka tangu mwanzo. Kwa nini Po-wei? Kwa nini si chaja?"

Yi-ning alifikiri. "Kwa sababu chaja haichezi gemu."

Mama alicheka mpaka akafuta macho. Kisha akanyoosha mkono, akachukua pakiti ya kijani, akaipasua.

"Mama! Hiyo hailiwi!"

"Nabadilisha kitu kimoja," alisema Mama, akatafuna. "Vingine vyote nimeviacha vilevile. Mwambie Babu arudie."

Yi-ning alimwomba Babu arudie huku akiitazama kompyuta kwa hofu, kama mtu anayengoja paka aliyekanyagwa mkia. Babu alinyamaza. Kisha akanguruma. Ngurumo ilikuja nzima, kwa wakati wake.

"Basi pakiti tumeitoa kwenye kesi," alisema Mama. "Na ni tamu. Sasa mbadilishe mtuhumiwa mwingine. Mmoja tu."

"Po-wei siwezi kumbadilisha. Hayupo."

"Basi anza na ulichonacho."

Yi-ning aliangalia waya wa chaja. Akauchomoa. Kioo cha kompyuta kilififia kidogo.

"Babu, samahani, tena."

"Tena? Wenzangu hapa wameshaleta viti," alisema Babu. "Haya, Jenerali anaingia msituni. Ananusa hewa. Anasimama..."

Kimya. Vidole vya Yi-ning viligonga meza. Tu... tu... tu... Akangoja ngurumo. Hakuna. Akaendelea kungoja. Kwenye kona ya kioo, ile alama ya waifai ilipotea, ikarudi, kisha kipande cha mwisho cha ngurumo kikaanguka mezani: "...rrrau!"

"Mmenisikia?" aliuliza Babu.

"Mkia tu, Babu! Kichwa hakikufika!"

Yi-ning alirudisha chaja. Ngurumo ikaja nzima. Akaichomoa. Ngurumo ikapotea. Alifanya hivyo tena na tena, bila kuambiwa, na kila mara jibu likawa lilelile. Babu alikuwa ameanza kukauka koo, na mgonjwa wa kitanda cha pili alisikika akimwambia asipoe, amalizie.

Mikono ya Yi-ning ilitulia juu ya meza.

"Po-wei yuko mbali na hapa," alisema polepole.

"Yuko mbali," alisema Mama.

"Na waifai ni yetu, si ya hekalu. Na bado inakatika."

"Bado inakatika."

Yi-ning alizungusha waya wa chaja kidoleni. Masikio yake yalikuwa yamepata joto. Mama hakumsaidia. Alikunywa supu yake.

"Lakini kwa nini kwenye ngurumo?" Yi-ning aliuliza hatimaye. "Babu anaongea hadithi nzima, haikatiki. Ikifika ngurumo tu, inakatika."

"Haikatiki kwenye ngurumo. Inakatika kabla. Kabla ya ngurumo kuna nini?"

"Kuna... hakuna kitu. Kuna kimya."

"Haya! Sasa unaanza kupima." Mama alisogeza bakuli pembeni. "Kompyuta ikiwa kwenye chaja, inakula umeme bila kuhesabu. Ukiichomoa, inakuwa kama bibi yako na taa. Chumba kikikaa kimya kidogo tu, anaizima taa, hata kama umo ndani unavaa viatu. Kadi ya waifai inasikiliza. Babu akiongea, ina kazi. Babu akinyamaza, inasema, 'Ah, hakuna kazi, nilale.' Ngurumo inafika inakuta mlango umefungwa. Mpaka kadi iamke, ivae, ifungue, simbamarara ameshafunga kinywa."

Yi-ning alicheka bila kutaka. "Kwa hiyo kadi si mbovu?"

"Haina ubovu. Imefundishwa kulala vibaya. Na anayeifundisha ni programu endeshi, ile programu ndogo inayoiambia kadi lini iamke na lini ilale. Fungua orodha ya vifaa vya kompyuta. Si mimi. Wewe. Mimi sigusi."

Yi-ning alifungua. Akatafuta kadi za mtandao, akaipata kadi ya waifai, akaingia sehemu ya usimamizi wa umeme. Hapo palikuwa na mstari mmoja wenye alama ya tiki: Ruhusu kompyuta izime kifaa hiki ili kuokoa umeme.

"Ndiye huyu!" alipiga kelele. Akaondoa tiki kana kwamba anang'oa mwiba. Akahifadhi, akachomoa chaja, akampigia Babu. Kimya. Ngurumo. Nzima! Yi-ning akaizunguka meza akicheza, mikono juu.

"Nakimbia hekaluni!"

"Kaa chini," alisema Mama. "Utaibebaje?"

"Mkononi."

"Ukiwa umeifunga au umeifungua?"

"Nimeifunga."

"Basi ifunge. Izime kabisa. Iwashe. Halafu ndiyo ucheze."

Yi-ning alitii huku akitazama saa ya ukutani. Kompyuta ilipowaka, alirudi kwenye ule mstari. Tiki ilikuwa imerudi mahali pake, imekaa kama mwenye nyumba.

"Mama! Nimeitoa! Naapa nimeitoa!"

"Najua umeitoa, nilikuwa nakuona. Programu endeshi hii ni ya zamani, ina kichwa kigumu. Kila ikiamka inarudia ilichozoea. Ungeondoka ukicheza, saa tisa ungelia mbele ya mtaa mzima." Mama alielekeza kwa kijiti cha kulia. "Nenda kwenye tovuti ya waliotengeneza kompyuta. Si tovuti nyingine yoyote, hata ikikuahidi mbingu. Andika aina ya kompyuta yetu. Tafuta toleo jipya la programu endeshi ya waifai."

Yi-ning alichomeka chaja, akatafuta, akapata, akapakua. Alipoanza kuisimika, waifai ilipotea kabisa, na moyo wake ukapotea nayo. Kisha ikarudi. Akaondoa tiki upya. Akaifunga kompyuta, akaizima, akaiwasha. Alisogeza uso karibu na kioo.

Tiki haikurudi.

Akachomoa chaja, akampigia Babu, na safari hii akamwomba anyamaze kwa muda mrefu kuliko kawaida. Babu alinyamaza mpaka mgonjwa mmoja wodini akauliza kama mzee amelala. Kisha ngurumo ikaja, kubwa, yenye kichwa, kiwiliwili na mkia.

"Na betri?" aliuliza Mama. "Kadi ikikesha, inakula zaidi."

"Imejaa. Na onyesho halifiki hata nusu saa." Yi-ning alianza kuikunja kompyuta, kisha akasita. Alichukua simu. "Nitamwandikia Po-wei. Nitamwambia kwamba ilikuwa kadi."

Mama alimtazama moja kwa moja usoni.

"Ulimwambia wapi kwamba ni yeye?"

"Nyuma ya jukwaa."

"Kimya kimya?"

Yi-ning alitazama miguu yake. "Wazee wa sataranji walisikia. Na watu wa jikoni."

"Na huo ujumbe wako utawafikia wazee wa sataranji?" Mama alisimama, akachukua bakuli lake. "Sikiliza, mwanangu. Kosa la kompyuta umelitafuta kwa kupima, ukalipata. Kosa la Po-wei ulilitafuta kwa hasira, ukalipata pia, ingawa halikuwepo. Hasira haikosi kupata mtu. Kompyuta ukiisingizia haijali, kesho itawaka. Mtu hayuko hivyo. Kabla hujasema 'ni fulani', jiulize umepima nini. Kama hujapima kitu, funga mdomo kwanza. Na kama umeshaufungua, basi ufungue tena palepale ulipoufungulia."

Yi-ning aliweka simu mezani. Alikumbatia kompyuta kifuani, akatoka mbio bila kufunga kamba za viatu.

*

Alimkuta Po-wei jikoni mwa hekalu, amefunga aproni yenye maua, anakoroga sufuria kubwa la tambi za mchele na uyoga. Mvuke ulikuwa umemlowanisha nywele.

"Njoo nje," alisema Yi-ning, akihema.

"Siwezi. Mimi sasa mpishi. Nikiacha kukoroga, mtasema nimekula na tambi zote."

"Tafadhali, Po-wei. Dakika moja."

Mama mmoja wa jikoni alimnyang'anya Po-wei mwiko. "Nenda, mtoto wewe. Tangu asubuhi unakoroga kwa hasira, tambi zimekatika vipande."

Yi-ning alimpeleka mpaka barazani, mbele ya wazee wa sataranji. Aliinama kwa heshima.

"Wazee, samahani kuwakatizia mchezo. Asubuhi mlinisikia nikisema Po-wei alikuwa anacheza gemu na kula waifai. Si kweli. Kadi ya kompyuta yetu ilikuwa inalala kila Babu akinyamaza. Nilisema bila kupima kitu chochote." Akamgeukia binamu yake. "Po-wei, nimekukosea. Nisamehe."

"Kadi inalala mchana?" aliuliza mzee mmoja. "Basi ni ndugu yangu."

Wenzake wakacheka. Po-wei alijitahidi asicheke, akatazama pembeni, akafuta mikono kwenye aproni kwa muda mrefu.

"Niite kaka," alisema.

"Umenizidi miezi tu!"

"Miezi ni miezi."

"Haya. Kaka Po-wei."

"Sijasikia. Mtandao unakatika."

"Kaka Po-wei!" alipaza sauti Yi-ning mpaka njiwa wakaruka juu ya paa.

"Hapo imefika," alisema Po-wei, na sasa meno yote yalikuwa nje. Alianza kuvua aproni huku akikimbia kuelekea jukwaani. "Simbamarara wangu yuko wapi? Nilimlaza chali, mgongo utamuuma!"

Walifanya zoezi moja tu, mbele ya mwenyekiti wa kamati, na mwenyekiti akaondoka na kaseti yake ya kikundi kingine bila kusema neno. Saa tisa ilipofika uwanja ulikuwa umejaa. Watoto walikaa chini mbele, wazee kwenye viti, na meza ya sadaka ilikuwa imeelemewa na machungwa. Babu alianza. Sauti yake ilitoka kwenye spika kama mtu aliyesimama hapohapo, ikamfanya mama mkwe agombe, mtoto mchanga alie, na Jenerali ajisifu mpaka watu wakampigia miluzi. Yi-ning alimchezesha Jenerali akiwa amesahau kwamba mkono ni wake.

Jenerali akaingia msituni. Akanusa hewa. Akasimama.

Babu akanyamaza.

Tu... tu... tu... ililia ngoma. Uwanja mzima ukashika pumzi. Babu, ambaye siku hiyo alikuwa na furaha kupita kiasi, alinyamaza muda mrefu kuliko walivyofanya mazoezi. Nyuma ya jukwaa Mjomba Chih-hao alianza kutoka jasho. Mkono wake mmoja uliendelea na ngoma. Mwingine ulitambaa taratibu kuelekea waya wa chaja. Alimtazama Yi-ning kwa macho ya kuuliza: Nichomeke?

Akichomeka, spika zingevuma kama nyuki katikati ya ule ukimya, na msitu wote wa Babu ungeharibika. Asipochomeka, na kadi ikawa imelala...

Yi-ning alimtikisia kichwa Mjomba. Hapana. Alikuwa amepima.

Akamtazama Po-wei, aliyeinama kando yake na simbamarara tayari mkononi, akainua upanga wa Jenerali juu kabisa. Sasa!

Po-wei hakuuliza kitu. Simbamarara aliruka jukwaani, akapanua kinywa chake chote, na ngurumo ya Babu ikatoka mlemle kinywani, nzima, kwa wakati wake, mpaka machungwa mawili yakabingirika kutoka kwenye meza ya sadaka na watoto wote wa mstari wa mbele wakarukia mapajani mwa mama zao.